Safu ya Pili

Mimi ndiye niliyekaa mezani Bidiya,
chini ya turubai lililopigwa na upepo,
jiwe juu ya karatasi zisiruke.
Safu ya kwanza: mwanachama, riali kumi na tano.
Safu ya pili: asiye mwanachama, arobaini na tano.
Rula niliishika mimi. Mstari niliuchora mimi.

Mwaka juzi safu ya pili ilimwagikia nyuma ya ukurasa:
muuza matairi wa Sinaw,
ndugu wawili wa Al-Kamil wenye farasi mmoja na jozi moja ya buti,
mwalimu wa hesabu aliyelipa kwa sarafu
na kutusubirisha tuzihesabu.
Mwaka huu ilikuwa na majina matatu,
na mmoja wao mgeni wa mdhamini.

Harub alikuja saa kumi na moja alfajiri.
Ni dereva wa lori la maji;
mahodhi yote ya njiani, kituo hadi kituo,
aliyajaza yeye, usiku kucha.
Nyuma yake farasi wake jike, Ghuzaila,
kifua chembamba, masikio mbele
kama anayengoja kusomewa barua.
Daktari alikwisha kumpima: mapigo thelathini na sita,
kwato safi, mgongo hauna kidonda.
"Huyu," alisema, "atazimaliza kilomita themanini kisha aombe chai."

Akafika kwangu, akaitazama safu.
Alianza kwa Kiarabu, kama wote.
Alipofika kwenye fedha akahamia Kiswahili,
kile cha kwao Pemba, cha kunong'onezana jikoni,
ili mhazini asisikie.
"Nina ishirini na mbili, dada. Mnanidai,
samahani, mimi ndiye ninayewadai: maji, riali sitini.
Nikateni humo."

Nikamtafsiria mhazini.
Si mtu mbaya. Ana bima ya kulipa, ana gari la wagonjwa,
ana madaktari watatu kutoka Maskati,
na mwanachama hutoa mia na ishirini kila mwaka,
apande asipande.
"Maji ni daftari jingine," alisema. "Hundi mwisho wa mwezi."
Kisha, kwa upole wa kweli: "Kwa nini asijiunge?"

Harub alicheka bila sauti.
"Nijiunge na mia na ishirini, nipande mara moja?
Basi niandikie nusu.
Nitaishia arobaini, nigeuzie pale kwenye mghafu,
nirudi zangu nikitembea."
Karatasi yangu haikuwa na safu ya nusu.

Nilikuwa na riali thelathini mkobani.
Ninaliandika hili kwa sababu sikuzitoa.
Nilijiambia nitamvunjia heshima.
Labda. Na karo ya Rayyan ilikuwa wiki ileile.
Yote mawili yalikuwa kweli,
na yote mawili yalinifaa.

Saa kumi na mbili waliondoka farasi kumi na tisa.
Mwaka juzi walikuwa hamsini na mmoja.
Kipaza sauti kilitangaza mashindano ya watu wote.
Vumbi halikukawia kutua.
Harub alikuwa ameshapanda lori:
hodhi la kituo cha tatu linavuja, walimwambia,
kaongeze.

Kesho yake vijana walikwenda kufungua tepe nyekundu vichakani
wakarudi wakibishana.
Alama za kwato, walisema, mbichi,
juu ya alama zote, juu ya matairi ya wasaidizi,
farasi mmoja, kituo cha kwanza hadi cha mwisho,
hakukata kona hata pale ambapo hakuna anayetazama.
Na katika kila hodhi
maji yamepungua kidogo.

Mhazini akauliza kama kuna mtu aliyepanda bila kulipa.
Nikafungua daftari,
nikapitisha kidole safu ya kwanza,
nikapitisha safu ya pili, polepole,
ingawa ilikuwa fupi.
"Hakuna," nikasema.
Kwa Kiarabu.